Mama anatoka Tanga: tumlaze nyumba ya kale kando ya mto Severn?

SWALI: Assalaam alaykum. Tunaishi Leicester, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mwezi wa Juni tunamtarajia mama mkwe kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kuja Uingereza. Ana miaka 71, goti la kulia linamsumbua, na hali chakula kisicho halali. Tumeona nyumba ya wageni ya karne ya 18 pale Ironbridge, mji mdogo wenye daraja la kale la chuma; nyumba iko ukingoni kabisa mwa mto Severn. Ina vyumba vinne tu, na mwenyewe anaishi humo humo na ndiye anayepika kifungua kinywa. Picha zake zinavutia sana. Mume wangu anasema tusijisumbue, twende hoteli ya kawaida ya barabarani yenye lifti. Nani yuko sahihi? Na tuulize nini kabla ya kulipa?

JIBU: Wa alaykum salaam dada, na hongereni kwa mgeni. Mpelekeni mama Ironbridge, na alale nyumba ya kale. Kwa mtu wa umri wake, anayekuja nchi ya baridi asiyoijua, kupokewa mlangoni na mwenye nyumba na kuulizwa chai yake anainywa vipi ni jambo kubwa, na hoteli ya barabarani haiwezi kumpa hilo. Lakini hiyo nyumba ya ukingoni mliyoipenda sidhani kama ndiyo yake. Tafuteni nyingine ya kale vilevile, iliyokaa juu kidogo mlimani, ambako gari hufika mlangoni na kuna chumba cha kulala usawa wa mlango huo. Wengi wanaochagua malazi kwa picha huuangalia mto wakasahau ngazi, na katika nyumba hizi mto ndio uliozileta ngazi.

Severn ndio mto mrefu kuliko yote Uingereza, kilomita 354 hivi. Unaanzia mlima Plynlimon kule Wales, unauzunguka mji wa Shrewsbury, na ukifika Ironbridge unabanwa kwenye bonde jembamba lenye kuta za mwinuko mkali. Mvua ikipiga milima ya Wales, maji yake yanafika Ironbridge baadaye, hata kama mjini penyewe jua linawaka. Barabara inayofuata ukingo inaitwa Wharfage, maana zamani hapo ndipo mashua ziliposhusha na kupakia mizigo. Maji yakitishia kupanda, Idara ya Mazingira husimamisha vizuizi vya muda barabarani na njia hufungwa. Februari 2020 maji yalivisukuma vizuizi hivyo vikasogea, na wakazi wakaambiwa watoke majumbani mwao.

Mafuriko makubwa huja zaidi miezi ya baridi, kwa hiyo ya Juni msiyaogope sana. Angalieni tu tahadhari za serikali kwenye intaneti siku chache kabla ya kuondoka, pamoja na kipimo cha maji cha Buildwas, ambacho kiko juu kidogo ya mji. Jambo la kufikiria ni kwamba nyumba mtakayolala Juni ilijengwa na watu walioujua mto wa Januari. Walijua maji yataingia. Kwa hiyo chini waliweka stoo, jiko, duka au karakana, na vitanda wakavipandisha ghorofani. Hata leo ukiingia kwenye baadhi ya nyumba za ukingoni utaona sakafu ya chini ni mawe au vigae bila zulia, na soketi za umeme zimewekwa juu ukutani kuliko kawaida. Chumba kile cha kwenye picha, chenye dirisha linalotazama mto, kwa kawaida kiko ghorofa ya kwanza au ya pili. Mama akitaka kushuka kunywa chai, goti litalipa. Akisahau miwani chumbani, litalipa tena.

Mume wako atauliza, mbona mwenyewe asiweke lifti? Nyumba za namna hii nyingi zimeorodheshwa kama majengo ya urithi. England ina madaraja matatu ya majengo hayo: la I, la II lenye nyota, na la II ambalo ndilo lenye majengo mengi zaidi. Chini ya sheria ya mwaka 1990, mwenye nyumba iliyoorodheshwa haruhusiwi kubadili kinachogusa sura au thamani yake ya kihistoria, iwe nje au ndani, bila kibali maalumu cha halmashauri. Kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai. Hata dirisha la kioo kimoja linalopitisha baridi si rahisi kulibadilisha kwa la kisasa la vioo viwili. Kutoboa sakafu mbili za mbao za miaka mia mbili na zaidi ili lifti ipite, ndani ya nyumba yenye vyumba vinne, ni jambo ambalo mara nyingi halitaruhusiwa, na likiruhusiwa fedha zake hazitapatikana kwa wageni wa kifungua kinywa. Kwa hiyo msimwone mwenyewe mzembe. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inamtaka afanye marekebisho yaliyo ndani ya uwezo wake kwa mgeni mwenye ulemavu. Anaweza kukubadilishia chumba, kukupa kiti cha kuogea, kukuletea kifungua kinywa chumbani. Nyumba yenyewe lakini mtaikuta kama ilivyo.

Na ngazi zake si ngazi mlizozoea. Ni nyembamba na zina mwinuko mkali, na zikifika kwenye kona vidato vinakuwa vya pembetatu: upande mmoja unatosha kukanyaga mguu mzima, upande wa pili hautoshi hata vidole. Kuna nyingine zina mkono wa kushikia upande mmoja tu. Mwenye goti bovu anateseka zaidi kushuka kuliko kupanda, na goti la kulia likiwa ndilo linalouma, ni vizuri mjue mkono wa ngazi uko upande gani wakati wa kushuka. Mwombeni mwenyewe apige picha ya ngazi akiwa amesimama juu, akielekeza simu chini. Picha ya kutoka chini kila ngazi huonekana nzuri.

Sasa kuhusu nyumba za mlimani. Ironbridge imepandana kwenye ukingo wa kaskazini wa bonde, nyumba juu ya nyumba, na vichochoro na ngazi za mawe zikipita katikati hadi kanisa la Mtakatifu Luka lililojengwa miaka ya 1830. Kwa sababu ya mwinuko huo, nyumba nyingi zina sura mbili. Ukiitazama kutoka mtoni ni ghorofa tatu. Ukizunguka kwa njia ya nyuma unakuta mlango uko usawa wa barabara na unaingia moja kwa moja ghorofa ya katikati. Chumba kilicho kwenye usawa huo hakina ngazi, na dirisha lake bado linauona mto, tena kwa mbali zaidi, pamoja na miti ya ng'ambo. Hicho ndicho chumba cha mama. Huenda hata nyumba mliyoiona ina mlango wa namna hiyo na tangazo halikuutaja, kwa hiyo ulizeni kabla hamjaiacha. Mkiupata, msije mkaanza tena kumteremsha mama mtoni kwa miguu kila asubuhi. Shukeni kwa gari. Upande wa kusini, mahali ilipokuwa stesheni ya reli ya zamani, kuna maegesho karibu kabisa na daraja.

Kitu ambacho hakuna tangazo litakalokwambia ni bafu. Sisi tumezoea bafu lenye tundu la kutolea maji sakafuni. Unajimwagia, maji yanakimbia, biashara imekwisha. Katika nyumba za Kiingereza sakafu ya bafu ni kavu, haina tundu, na katika nyumba ya kale ni mbao zilizofunikwa kwa plastiki, vigae au hata zulia. Chini ya mbao hizo ni dari ya chumba cha chini, pengine ya lipu ya chokaa iliyopakwa kabla babu wa mama hajazaliwa. Ndoo moja ya maji ikimwagika, doa linatokea kwenye dari ya mgeni mwingine. Mwelezeni mama mapema, kwa upole, akiwa bado nyumbani kwenu Leicester: maji yote ndani ya beseni la kuogea au ndani ya boksi la manyunyu, na pazia lake liingie ndani ya beseni, lisibaki nje. Bebeni kopo lenu la chooni, kwa sababu hakuna mpira wa maji pale. Miguu ya udhu aioshe akiwa amekaa kwenye ukingo wa beseni, taulo likiwa limetandikwa chini.

Na hilo beseni nalo liulizieni. Nyumba nyingi za kale zina manyunyu yaliyowekwa juu ya beseni refu, na ili uoge lazima uinue mguu kuvuka ukingo unaokaribia urefu wa goti. Kwa mama hiyo ni hatari kuliko ngazi, kwa sababu ngazi atazipanda akiwa na viatu na mtu nyuma yake, na beseni atalivuka peke yake, maji yakiwa yanateleza. Chumba chenye boksi la manyunyu la kuingia moja kwa moja kinashinda chumba chenye mandhari, na kama ni lazima kuchagua kimoja, mimi naacha mandhari. Hakikisheni pia choo na bafu viko ndani ya chumba chake. Baadhi ya nyumba hizi bafu la mgeni ni lake peke yake lakini liko ng'ambo ya korido, na tangazo likisema tu "bafu binafsi" msidhani liko ndani.

Chakula. Hapa ndipo nyumba ndogo inapoishinda hoteli, ila mseme mapema. Kifungua kinywa kamili cha Kiingereza ni bekoni, soseji, mayai, maharage ya mchuzi wa nyanya, uyoga, nyanya za kuchoma na mkate wa kubanika, na mara nyingi kipande cheusi cha mviringo ambacho mtu asiyejua hukidhania kababu. Ile ni soseji ya damu ya nguruwe. Bekoni ni nguruwe, na soseji kama haikutajwa vingine ni nguruwe. Wengi wetu tunasema, basi nitakula mayai tu. Lakini yai limekaangwa wapi? Jikoni kwa mtu mmoja, asubuhi yenye wageni wanane, bekoni hutangulia kwenye kikaango na yai hufuata kwenye mafuta yale yale. Mkate wa kukaanga ndio unaonyonya mafuta hayo kuliko vyote.

Maneno ya kumwambia mwenyewe ni machache: sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe wala nyama isiyo halali, tunaomba kifungua kinywa cha wala mboga, mayai yakaangwe kwenye kikaango safi kwa mafuta ya mboga au siagi, au yachemshwe. Kwa mwenye nyumba ya vyumba vinne hilo ni ombi dogo. Wengi wana kikaango cha pembeni kwa wageni wasiokula nyama, na mwingine atakuuliza kama mama anapenda uji wa shayiri au samaki wa moshi. Semeni siku ya kuweka nafasi, mkumbushe jioni ya kufika, kwa sababu wengi huchukua oda ya asubuhi usiku wake. Na msiseme "ana aleji" ili msikilizwe haraka. Sheria inamtaka mwenyewe atoe habari kuhusu vizio 14 vilivyotajwa, na nguruwe hayumo. Aleji ya uongo itamfanya ahangaike na mambo yasiyohusika. Ukweli unatosha. Kama mnataka kujua usafi wa jiko, England ina alama za usafi wa chakula kutoka 0 hadi 5, zinapatikana kwenye intaneti kwa jina la nyumba. Mwenyewe halazimiki kuibandika mlangoni, kwa hiyo itafuteni ninyi. Chini ya 4 mimi simpeleki mzee.

Mchana na jioni nyumba hizi hazipiki. Telford iko karibu kwa gari, kuna msikiti na maduka ya nyama halali, kwa hiyo hamtashinda njaa. Tahadhari moja: samaki na chipsi. Tunawachukulia kuwa chakula salama, lakini maduka mengine, hasa yanayojivunia upishi wa zamani, hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe ambaye hakuchinjwa kihalali. Ulizeni mafuta kabla ya kuagiza.

Chumbani mtakuta birika la umeme, vikombe, majani ya chai na biskuti. Hiyo ni ya bure na ni ya kutumia. Mama asichemshie maziwa ndani ya birika hilo, litaungua na harufu haitoki. Iliki na tangawizi aje nazo, na maziwa mwenyewe atawapa ukimwomba. Dagaa na papa mkavu wabaki Leicester. Udi na ubani usichomwe kabisa, hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi. Nyumba ni ya mbao kavu ndani, vitambua moshi vimeunganishwa nyumba nzima, na kikilia kimoja vinalia vyote; wageni wote watatoka barabarani na nguo za kulala. Mama anayependa nguo zake zinukie azifukize kabla ya kuondoka kwenu.

Juni ina jambo lake pia. Jua linatua kama saa tatu na nusu usiku, isha inakaribia saa tano, na alfajiri inaingia usiku bado mkubwa. Mbao za nyumba ya kale zinalia kila hatua, na mgeni wa chini anasikia mtu akitembea juu. Mwambieni mwenyewe tu kwamba mama huamka usiku kuswali. Ukimwambia kabla, anaelewa na pengine anampa chumba ambacho chini yake hakuna mtu. Asipoambiwa, anadhani kuna mgonjwa. Kibla kutoka hapo ni upande wa kusini-mashariki. Na ingawa ni kiangazi, mtu wa Tanga atasikia baridi usiku, kwani kipasha joto cha nyumba mara nyingi kimezimwa mwezi huo. Ombeni blanketi la pili tangu mwanzo.

Mkifika, mwenyewe ataomba majina na uraia wa kila mtu kuanzia miaka 16. Wengine wakisikia swali la uraia hushtuka wakadhani ni mambo ya uhamiaji, na mama mwenye viza ya matembezi ndiye atakayeshtuka zaidi. Ni amri ya mwaka 1972 inayowahusu wote wanaolaza wageni kwa malipo, na kumbukumbu hizo hukaa miezi 12. Mtanzania, kama Mkenya, Mganda na Mnyarwanda, ni raia wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo anatakiwa jina na uraia tu. Ndugu kutoka Burundi, Congo au Oman angeongezewa namba ya pasipoti, mahali ilipotolewa, na anakokwenda baadaye.

Kuhusu malipo naomba mnisikilize vizuri. Hapa Uingereza ukinunua kitu kwa simu au intaneti unakuwa na siku 14 za kughairi na kurudishiwa fedha. Malazi ya tarehe maalumu hayamo katika haki hiyo. Ukishalipa, mnafuata masharti ya mwenye nyumba, na mwenye vyumba vinne hana uwezo wa kubeba hasara ya viwili vilivyobaki wazi mwishoni mwa wiki ya Juni. Maombi ya viza ya matembezi kwa kawaida huchukua wiki tatu hivi, na huweza kupelekwa miezi mitatu kabla ya safari. Viza ya mama ikiwa haijatoka, msilipe kitu kisichorudishwa. Wekeni nafasi ya kughairika, hata kama ni ghali kidogo, au mngoje. Katikati ya wiki nafasi hupatikana kwa urahisi zaidi, na hapo mnaweza pia kuepuka sharti la usiku mbili ambalo nyumba nyingi huweka Ijumaa na Jumamosi. Nyumba nyingine hazipokei watoto wadogo, nalo liulizeni mwanzo kabisa, kabla ya yote niliyoyasema.

Umeniuliza nani yuko sahihi, na sijamaliza kusema kwa nini napingana na mume wako. Hoteli ya barabarani ingewapeleka Ironbridge kwa muda wa saa tatu tu, tena mchana, wakati watu wamejaa. Kulala pale kunawapa jioni na asubuhi. Saa kumi na mbili jioni magari ya watalii yamekwisha, watoto wanaweza kukimbia juu ya daraja, na mama anaweza kusimama katikati yake akashika chuma.

Na chuma hicho kina habari ya kumsimulia. Ni daraja la kwanza kubwa duniani kujengwa kwa chuma cha kusubu. Mchoro ulikuwa wa Thomas Farnolls Pritchard, ambaye alikufa 1777 kabla ya kuliona. Abraham Darby wa tatu ndiye aliyesubu chuma chake, upinde ukasimamishwa 1779, na watu wakaanza kupita siku ya mwaka mpya wa 1781. Lina vipande karibu 1,700 na uzito wa tani 378. Waliolijenga hawakuwa na mfano wa kufuata, kwa hiyo waliunganisha chuma kama seremala anavyounganisha mbao: ulimi ukaingia tunduni, kabari ikapigwa. Chunguza maungio ukiwa chini ya daraja utayaona. Babu yake Darby huyo, mwenye jina hilo hilo, ndiye aliyeanza 1709 kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza (koki) badala ya makaa ya miti, pale Coalbrookdale jirani. Mwaka 1795 mafuriko yaliharibu madaraja mengi ya Severn na hili likabaki limesimama, maji yakipita chini ya upinde wake ulio wazi. Miaka mingi lilipakwa rangi ya kijivu. Kwenye ukarabati wa 2017 na 2018 mafundi waligundua rangi ya asili ilikuwa nyekundu iliyoiva, wakalirudishia.

Upande wa kusini kuna nyumba ya mtoza ushuru, na ubao wa viwango bado upo. Unasema askari alipe, awe kazini asiwe kazini, na hata familia ya kifalme ilipe. Mtafsirieni mama ubao huo neno kwa neno. Watu wa kawaida waliendelea kutozwa hadi 1950. Leo kupita ni bure. Bonde lote liliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1986. Mahali pengine pa kumpeleka ni Blists Hill, mji wa zama za Malkia Victoria uliojengwa upya, ambako watoto hubadilisha fedha zao benki wakapewa sarafu za mfano wa zamani. Ila ni mteremko mrefu. Ulizeni kiti cha magurudumu langoni mkifika.

Sasa shika simu. Usiandike barua pepe, piga, kwa sababu sauti ya mwenyewe itakwambia zaidi ya majibu yake. Mpigie baada ya saa tano asubuhi, wageni wakishaondoka na kabla wapya hawajafika, maana mapokezi huwa kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Mwambie una mama wa miaka 71 mwenye goti, halafu nyamaza. Mwenye nyumba mzuri ataanza mwenyewe kuhesabu ngazi kwa sauti, atakwambia kuna kidato kimoja mlangoni, kuna kingine kuelekea chumba cha chakula, na atataja chumba kinachofaa au atakiri kwamba hana. Anayekiri hana, mshukuru na umuulize jirani yupi anacho, wanajuana. Anayekwambia "atakuwa sawa tu" bila kuuliza lolote juu ya goti, mwache. Na mkipiga kote mkakosa chumba cha usawa wa mlango, hapo fuateni ya mume wako: hoteli yenye lifti Telford, na jioni mwende darajani kwa gari, mkae hadi jua litue.